Sahihi za Sufuria

Afadhali jambo hili mlisikie kwangu, maana Mama Kanini akilisimulia yeye analitia chumvi, anasema nililia kwenye kipaza sauti, na mimi sikulia (macho yalitoa maji, hiyo ni tofauti). Lakini aibu ni ya kweli, siikani. Kuna watu hapa mtaani ambao mpaka leo wakinipita wananiuliza, "Mama Vyombo, leo tunasaini nini?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, nihamie mtaa wa Pipeline?

Mnijue kwanza. Jina langu ni Rebecca, ila hilo limebaki kwenye kitambulisho tu, hapa mtaani mimi ni Mama Vyombo kwa sababu ndiye ninayetunza vyombo vya kikundi chetu cha akina mama, huku kwenye nyumba za zamani upande wa Kariobangi. Sufuria kubwa, masinia, majagi, chupa za chai, miiko ya kusongea ugali wa watu mia, vyote vinakaa kwangu, vingine chini ya kitanda na vingine juu ya kabati, na kila kimoja kina namba na nukta nyekundu ya rangi ya kucha kwenye kitako ili kikipotelea kwa mtu kijulikane. Mtu akiwa na harusi au matanga anakuja mlangoni, anachukua, na anaandika kwenye daftari: jina, nyumba, namba ya kitambulisho, sahihi. Mwenye kupenda anaongeza pembeni chombo alichochukua. Tumefanya hivyo miaka mingi na mikono yetu imezoea, unaona daftari la Mama Vyombo, unachukua kalamu, unasaini, huku mdomo unaendelea na habari zake.

Sasa, nyuma ya nyumba zetu kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna kilango cha chuma, chembamba kiasi kwamba ukiwa na beseni unapita ubavu. Upande wa pili ni zahanati. Mume wangu, Baba Sella, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na sasa ana sukari, na sukari ikampa kidonda cha mguu ambacho nesi anakiosha na kukifunga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa nesi ni hatua mia moja na kumi (nilizihesabu, mimi kitu chochote nisichokijua kinaniwasha mpaka nikijue). Anatembea na fimbo, anapumzika mara moja kwenye kile kilango, ananiambia "twende," tunafika. Bila kilango ni kuzunguka barabara kubwa ya malori, isiyo na pembeni pa kutembea, na mguu ule haungefika. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jirani mmoja aliyeacha kwenda kuosha kidonda kwa sababu ya umbali, na nilijua walichomkata hospitalini, kwa hiyo mliponiona nahangaika na habari ya kilango mjue sikuwa natafuta umaarufu. Nilikuwa naogopa.

Maana mwenye kiwanja kinachojengwa kando ya ukuta alikuwa ameomba ruhusa ya kukiziba kilango. Tangazo likabandikwa: kamati itakuja kwenye ukumbi wa jamii siku ya Alhamisi kusikiliza maoni ya wananchi, na mwenye petisheni ailete kwa maandishi.

Petisheni! Hilo neno lilinikosesha raha. Nikaenda ofisi ya wadi kuuliza, nikamkuta msichana mmoja mwenye kucha ndefu anayeandika kwenye kompyuta kama anapapasa moto. Nikamuuliza petisheni inafananaje. Akasema, "Mathe, ni rahisi. Juu unaandika unataka nini. Chini watu wanaweka jina, mahali wanaishi, namba ya ID, wanasaini. Ni hivyo tu." Nikamuuliza kama dole gumba linakubalika, kama kalamu nyekundu inakubalika, kama aliyelazwa hospitali anahesabiwa, na ikishafika huko ndani nani hasa anaisoma. Hilo la mwisho alilicheka sana lakini hakunijibu.

Nikaiandika kwa mkono wangu, kurasa nne: ukurasa wa kwanza nusu maneno nusu majedwali, na zilizobaki majedwali matupu. Siku mbili nikapita mlango kwa mlango. Jamani, watu wetu wanaweza kukupa chumvi, wakakupa mtoto wao umlee, lakini namba ya kitambulisho hawakupi. Mama Kanini mwenyewe, jirani ambaye nimekula naye mboga za sufuria moja miaka yote hii, alinifungulia mlango nusu.

"ID? Wee! Si unakumbuka nilijikuta mwanachama wa chama cha siasa ambacho hata rangi zake sijui? Zii. Wanisamehe."

"Lakini Mama Kanini, ni ya kilango."

"Hata ile nyingine walisema ni ya vyandarua."

Siku mbili, sahihi sufuri. Hata nyumbani kwangu mwenyewe sikuiweka mezani, maana nilijiambia wa nyumbani ni wangu, wao watakuja mwisho. Likumbukeni hilo.

Ijumaa ndiyo siku nilipofanya ule uamuzi mdogo. Binti ya Mama Kanini alikuwa anaolewa kesho yake, nyama imeshaagizwa soko la Burma, na kama kawaida yetu kila mama anapika kitu kimoja nyumbani kwake, huyu chapati, huyu pilau, huyu maharagwe, halafu vyote vinapelekwa pamoja. Kwa hiyo saa nne asubuhi foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, kila mtu anataka sufuria. Na mimi nimekaa hapo na daftari, natazama watu walewale walionifungia milango wakiandika namba zao za kitambulisho mbio mbio bila hata kuzifikiria, na nikatazama safu za daftari: jina, nyumba, namba ya kitambulisho, sahihi. Nikatazama petisheni yangu iliyokuwa imekunjwa kando ya kikombe. Safu ni zilezile!

Sikuficha kitu, niaminini. Nilizipachika zile kurasa nne ndani ya daftari, maneno yakiwa juu kwa herufi kubwa, PETISHENI YA KUZUIA KUZIBWA KWA KILANGO, mwenye macho asome. Nilijiambia ni kuokoa muda. Ukweli wenyewe ni kwamba sahihi nilizihitaji, lakini pia udadisi ulikuwa umenishika kooni: nilitaka kuona kama kuna mtu hata mmoja mtaa huu mzima anayesoma kabla ya kusaini. Nikawa nawatazama macho, sio mikono. Macho yanaenda kwenye sufuria. Macho yanaenda kwa viatu vya mwenzake. Mama Kanini alisaini akiwa na simu begani anamgombeza mtu wa maturubai, akachukua sufuria tatu, akaenda zake. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua kitu.

Mmoja tu alisoma. Mzee Musyoka, yule mchonga vinyago wa nyumba ya mwisho, alitumwa sinia na mkewe. Akatoa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi juu akaanza tena, huku nyuma yake foleni inanung'unika, "Mzee, ni sufuria tunachukua, sio shamba." Akainua uso.

"Mama Vyombo, hii ni ya kilango."

"Ndiyo, mzee," nikamjibu kwa sauti ya chini.

"Mm. Basi ni vizuri." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akaondoka. Na sinia akaliacha pale pale mlangoni.

Jioni nikahesabu sahihi arobaini na mbili, nikatembea nyumba nzima nikiimba. Kisha nikaona kwamba watu kama wanane hivi walikuwa wameandika chombo pembeni ya sahihi, kwa mazoea. Nikachukua ule wino mweupe wa kufutia wa binti yangu Sella, nikaviziba. Karatasi ikatoka imejaa mabaka kama mtoto aliyepakwa dawa ya tetekuwanga, lakini nikajiambia watahesabu sahihi tu, nani ataangalia mabaka.

Alhamisi nilivaa lile gauni langu la kitenge la kwendea harusi. Nilimwambia Baba Sella abaki nyumbani, apumzishe mguu, nitamletea habari. Akasema sawa. (Nilipoingia ukumbini nikamkuta ameshafika, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mguu ameunyoosha juu ya kiti kingine, anasalimiana na Mzee Musyoka.) Ukumbi ulijaa. Kikundi chetu chote kilikuwepo, sio kwa sababu ya kilango, bali kwa sababu kwenye vikao hivi huwa kuna soda. Mbele wamekaa wanakamati, mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, na pembeni yake karani, mwanamume mwembamba ambaye kila karatasi aliyopewa aliisoma mbele na nyuma. Nilipomwona tu nilijua huyu ni mdadisi mwenzangu.

Mtu wa mwenye kiwanja alizungumza kwanza, na ramani yake ya rangi. Halafu nikaitwa mimi. Nikapeleka kurasa zangu nne mezani, nikarudi kwenye kipaza sauti, nikasema, "Waheshimiwa, ninaleta sauti ya watu arobaini na wawili," na ukumbi ukapiga makofi, Mama Kanini akipiga kuliko wote, kwa kuwa ni rafiki yangu na hakujua kwamba yeye ni mmoja wao.

Karani akainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Akaushusha. Akauinua tena.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hapa kuna maneno yamefutwa."

"Maneno gani?"

Akakwangua kwa ukucha. Nilikuwa nasikia ule ukucha kutoka pale nilipo. "Mwiko mkubwa," akasoma.

Akakwangua pengine. "Majagi mawili." Mtu mmoja akaanza kucheka nyuma. "Sufuria namba tisa, na mfuniko wake."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani hapa ni wa sufuria namba tisa?"

Hakuna aliyeinua mkono (na mjue ile sufuria ilikuwa haijarudi tangu harusi, kwa hiyo aliyekuwa nayo alijua kunyamaza). Mwenyekiti akachukua karatasi mwenyewe, akapita na kidole, akaita jina kamili la Mama Kanini. Mama Kanini akasimama, soda mkononi.

"Mama, ulisaini petisheni hii?"

"Petisheni gani? Mimi nilisaini sufuria tatu za harusi ya mtoto wangu!" Kisha ikamwingia. Nikaona inavyomwingia, kuanzia macho mpaka mabega. Akanigeukia. "Rebecca!" Na huyu mwanamke hajawahi kuniita Rebecca. "Rebecca, umeniandikisha?"

Ukumbi ukalipuka. Huyu anauliza kama na yeye yumo, yule anasema alijua tu, mwingine anataka namba yake ya kitambulisho irudishwe sasa hivi, na yule mtu wa ramani ameegemea kiti anatabasamu. Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikashika kipaza sauti nikasema, na ninawanukulia maneno yangu mwenyewe kwa uchungu, "Tulieni akina mama, nilitaka tu kuona kama kuna mtu atasoma."

Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata uwanjani. Mwenyekiti aligonga meza mpaka chupa ya maji ikaanguka. Walipotulia karani akaniuliza, kwa upole ambao uliniumiza zaidi, "Na wewe mama, jina lako kamili?"

Nikamwambia. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Hupo hapa."

"Sipo vipi? Ni yangu!"

"Jina lako halipo. Hukusaini."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtunza vyombo hasaini vyombo, wanasaini wanaochukua. Nikamwambia basi atafute la mume wangu, na kabla hajaanza kutafuta nilishajua jibu, kwa sababu Baba Sella hajawahi kusaini sufuria maishani mwake. Watu wawili waliohitaji kile kilango kuliko wengine wote ndio pekee ambao sikuwa nimewapa kalamu. Hapo ndipo macho yalipotoa maji, na sio kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa naona ile barabara ya malori, na fimbo yake.

"Kwa hiyo," akasema mwenyekiti, "karatasi hii haina mwenyewe. Kuna mtu yeyote humu aliyesaini akijua anasaini nini? Kama hayupo, tunaendelea na ajenda nyingine."

Viti vikalia huko nyuma. Mzee Musyoka alikuwa amesimama.

"Mimi nilisoma," akasema. "Nilisoma mara mbili. Sinia nilisahau kuchukua, mke wangu bado ananiuliza." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nilitia sahihi kwa sababu huyu jirani yangu hapa mguu wake hauwezi kuzunguka. Ni hayo tu." Akaketi.

Mimi nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu, na kila kitu kilichokuwa ndani yake mzee alikuwa amekimaliza.

Mwenyekiti na karani wakanong'onezana. Kisha akasema petisheni sasa ina mtu mmoja, inatosha kupokelewa, na mtu yeyote anayetaka kujiunga naye aje asaini mbele ya karani kabla kikao hakijafungwa, kwa hiari yake, bila sufuria. Alisema hivyo hivyo, bila sufuria.

Hakuna aliyeinuka. Akina mama wamekunja mikono, wote wananitazama. Halafu nikasikia fimbo. Baba Sella alikuwa anakuja, kutoka nyuma kabisa, katikati ya viti, tk, tk, na ule ukumbi ni mrefu. Alisimama mara moja kupumzika, kama anavyofanya pale kwenye kilango. Wote walikuwa wanatazama ule mguu uliofungwa bandeji, na wengi wao nadhani ndiyo mara ya kwanza waliutazama kweli. Akafika mezani, karani akampa kalamu. Akaishika, lakini hakuandika.

"Nisomee kwanza," akaniambia.

"Baba Sella, si unajua kilichoandikwa?"

"Sijui. Hujanisomea. Reli walinifundisha sitii mkono mahali sijasoma, na miwani nimeacha nyumbani."

Ni kweli, sikuwa nimemsomea. Sikuwa nimemsomea mtu yeyote. Niliwaomba watu namba zao siku mbili nzima, na sikumsomea hata mmoja nilichoandika. Nikachukua ukurasa wa kwanza, wenye mabaka yake, nikausoma kwenye kipaza sauti. Kwamba sisi wakazi tunapita kilango kile kwenda kwa nesi. Kwamba kuna wajawazito, na wazee, na wenye vidonda. Kwamba kuzunguka ni mbali na barabara ile haina pa kutembea. Kwamba hatukatai ujenzi, tunaomba tu njia. Haikuchukua hata dakika mbili. Siku zile zote, dakika mbili!

"Sawa," akasema Baba Sella, akatia sahihi. Akanipa kalamu. Nikatia yangu chini ya yake.

Nilipogeuka kulikuwa na foleni. Haikufika arobaini na wawili, wengine walikataa mpaka mwisho na siwalaumu, lakini ilikuwa foleni, na kila aliyefika mezani alisoma kwanza, hata wale ambao najua wazi herufi ndogo hawazioni. Mama Kanini alikuja wa mwisho kabisa, hajanitazama usoni. Alisoma, akasaini, kisha akaongeza kitu pembeni, akaisukuma karatasi mbele yangu makusudi nione. Alikuwa ameandika: *Sijachukua chombo.*

Baada ya majuma kadhaa jibu likaja ofisi ya wadi. Ujenzi uendelee, njia ya wapita kwa miguu iachwe. Nilikwenda kulisoma mwenyewe, mara mbili, na yule msichana wa kucha ndefu akaniuliza kama sasa nimejua nani husoma petisheni. Nikamwambia nimejua, ni karani mmoja mwembamba, na ana ukucha mbaya sana.

Kilango kipo. Jana ilikuwa Jumatano, tukapita, Baba Sella akapumzika palepale pake. Mama Kanini ilimchukua karibu mwezi mzima kunisalimia, kisha siku moja akaniletea mboga kwenye bakuli, nikala. Sufuria namba tisa haijarudi mpaka leo, na siwezi kumdai mtu, maana kumbukumbu pekee ya nani alichukua nini iko kwenye faili la kamati, na sina uso wa kwenda kumwomba yule karani anikwangulie tena. (Mwenye nayo, kama unanisikia, ilete tu, sitauliza.)

Nami nimeapa sitaweka tena karatasi mbele ya mtu mwenye haraka. Sihitaji hata kujitahidi, wenyewe wamenirekebisha. Sasa anayekuja kuchukua hata kijiko anasimama mlangoni, anakunja mikono, anasema, "Nisomee kwanza," na mimi nasoma kichwa cha ukurasa kwa sauti, safu baada ya safu, mpaka aridhike, foleni isubiri. Na kila nikifungua ukurasa mpya wa daftari, kabla mtu mwingine hajaishika kalamu, naandika mstari wa kwanza mimi mwenyewe: Rebecca, nyumba, namba ya kitambulisho, sahihi. Halafu pembeni naandika: hakuna chombo.